Bafle nne, ampli moja

Jumapili, mchana. Mvua ya asubuhi imeacha matope mpaka mlangoni, na mi nimeketi nacheka peke yangu.

Niungame kwanza. Siku ya Pasaka ni mi niliyeunguza ampli, mashine ya kukuza sauti ya korali yetu hapa Kinanira. Soprano, alto, tenori na besi, kila sauti ilitaka bafle yake, spika yake yenyewe, na waya wake kutoka kwenye ampli, mutu asikae nyuma ya mwenzake. Kwa vile niliwahi kusoma umeme shuleni, kazi nikapewa mi. Nikawapa haki sawa, zote nne sambamba. Bafle moja ni ohm nane. Zikiwa nne sambamba, gawanya nane kwa nne, zinabaki mbili. Na ampli imeandikwa nyuma kwamba zisishuke chini ya nne. Niliyaona maandishi. Hesabu sikupiga, maana niliogopa midomo yao kuliko moshi.

Moshi ulitoka katikati ya Aleluya.

Ampli ya leo ilikuwa ya kuazima. Padri alishasema ikiungua na hii, tutaimba bila vyombo mpaka Noeli, na mi sigusi tena waya.

Basi jana nikakaa na kaye yangu ya kuandikia hesabu. Mbili kwa mfuatano: nane na nane, kumi na sita. Jozi mbili za kumi na sita, sambamba: nane. Nikarudia mara tatu, nane tena! Jamani, raha hii ingekuwepo shuleni ningefaulu.

Shida ni kwamba kwa mfuatano, bafle moja inatangulia nyingine kwenye waya. Mama Debora, mkubwa wa soprano, aliwaka: "Apana! Sisi tule makombo ya besi?"

Nikamwambia, "Mama, umeme hauliwi njiani. Unaopita kwa besi ndio huohuo unaofika kwenu." Hakusadiki. Nikamwomba asikilize tu leo, kisha aniambie ipi imetangulia.

Tumeimba misa nzima. Mwishoni nikaweka kiganja juu ya ampli: vuguvugu tu. Nilitaka kulia kwa furaha.

Mama Debora akaja mbio, jasho usoni. "Umeona? Yetu ndiyo ya kwanza, inasikika wazi kabisa!"

Ilikuwa ya pili, nyuma ya besi.

Nikaanza kukunja waya, woga wangu uleule wa Pasaka. Lakini Jumatano kwenye mazoezi nitamwambia, tena mbele ya besi wote.