Kidole Alichokichapa kwa Vijiti

Mwalimu Lou mpendwa, nisaidie kabla sijazoea ninachokifanya, maana nimeshaanza kukizoea.

Mimi ni mke wa Ruan Bochang, mwaka wa thelathini na nane huu, na mume wangu alikuwa msoma prufu gazetini hapa Shaoxing, mtu wa kupitisha jicho ukurasa mzima huku anakunywa chai na kukuonyesha kosa lilipo, na mimi nilikuwa kiwandani kwenye mvinyo wa mchele, kusoma nimejifunza ukubwani, kwa hiyo lazima nifuate kila herufi ya Kichina kwa kidole, mstari kwa mstari, ndipo niitambue, na hilo ndilo limemuudhi tangu tulipooana. Nikiweka kidole gazetini wakati wa kula ananichapa kwa vijiti vyake vya kulia, mbele ya wageni, mbele ya binti yetu, anasema, "Qiaolian, acha kudonoa kama kuku. Mtu akiingia mlangoni unamtambua kwa sura, huanzi kumpapasa pua. Herufi nayo ina sura yake." Wageni wanacheka, nami nacheka nao, kisha naenda jikoni kuosha sufuria iliyo safi.

Mwezi wa pili alipata kiharusi chepesi. Anatembea, anaongea, kejeli zake zote zipo, hata kuandika anaandika vizuri, lakini ukimrudishia karatasi aliyoiandika mwenyewe sasa hivi hawezi kuisoma, anaziangalia zile herufi kama mtu aliyeingia harusi ya ukoo asioujua. Hataki mtu yeyote afahamu. Anakaa mlangoni na gazeti ili majirani wamwone, anageuza kurasa taratibu, na ni mimi tu ninayejua kwamba hasomi kitu.

Wiki moja baada ya kutoka hospitali tukaletewa karatasi ya daktari. Akanipa akasema, "Soma, na usidonoe." Nikaisoma kimya, kwa kidole. Imeandikwa kwamba jicho lake limesahau lakini mkono unakumbuka, afuatishe kila herufi kwa kidole, mstari kwa mstari, kila siku, na aende kliniki kila Jumanne, aanze mapema kwa sababu akichelewa atakachokipata ni kidogo.

Kwa kidole, Mwalimu. Nilikaa nikaliangalia neno hilo, mkono wangu ukaanza kuuma pale anaponichapaga.

Nikamwambia, "Wanasema ni uzee. Upumzike."

Siku nyingine amesinzia kitini, nikashika kidole chake nikakichoresha herufi moja, ile ya neno maji, juu ya goti lake. Bila kufumbua macho akasema, "Maji." Akaamka, akaniuliza alikuwa anasema nini. Nikamwambia umeomba maji, nikamletea.

Hii ni wiki ya kumi na moja. Kila asubuhi ananisubiri nimsomee gazeti, ananiambia "tafadhali", neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na mimi nadonoa polepole makusudi, naye hanitajii kuku tena. Naona uchungu na naona raha, vyote pamoja, na sijui nakuandikia unizuie au unihurumie.

Qiaolian, Shaoxing

*

Bi Qiaolian,

Huruma nakupa kwanza kwa sababu ni fupi. Aliyekuchapa alikukosea, na waliocheka walikukosea. Mumeo alijisahaulisha kwamba jicho lake lilipata uhodari baada ya mkono wake kuchoka, alipokuwa na miaka saba, ananakili herufi moja ukurasa mzima kama watoto wote. Wewe ulikuwa unafanya ukubwani kazi aliyoifanya yeye utotoni. Mwambie hivyo siku moja, kwa sauti, wageni wakiwepo.

Huruma imeishia hapo. Ile karatasi haikuandikwa kwako. Umemfungia mtu mzima ndani ya nyumba yake mwenyewe na ufunguo unao wewe, halafu unamsikiliza akisema "tafadhali". Daktari ameandika "mapema", nawe neno hilo ulilisoma polepole kuliko mtu yeyote, usiniambie lilikupita. Na siku ya yale maji ulijua kabisa kwamba kidole kinamsomea. Ungeweza kumwambia palepale, badala yake ukaenda kuchota maji.

Unataka akuheshimu? Hiyo si heshima, mama. Anakuogopa, na hata hajui kwa nini.

Jumanne mnakwenda kliniki, na wewe ndiwe utakayemweleza daktari kwa nini mmechelewa. Huenda asirudi kusoma kama zamani. Sehemu ya hasara hiyo ni ya kiharusi, sehemu ni yako, na mimi siwezi kukupunguzia.

Lakini usingoje Jumanne. Kesho asubuhi akikwambia umsomee gazeti, liweke pembeni. Mtandikie mezani ile karatasi ya daktari, kaa ubavuni kwake, shika kidole chake. Atakufokea kwamba yeye si kuku. Mwache afoke, mkono usiuachie. Mpitishe herufi ya kwanza, ya pili, usiruke hata moja, mpaka afike kwenye "kidole", mpaka afike kwenye "mapema". Hapo atasimama. Usijieleze, usilie, kwa sababu zamu ya kusoma ni yake.

Halafu mshushe mpaka chini kabisa, kwenye tarehe. Hiyo nayo aisome mwenyewe.