Nimeyachemsha Maziwa ya Bihogo

Remera, Kigali
27 Novemba 1994

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakusalimu wewe kwanza, halafu nasalimu mji wote, watu na ng'ombe. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Natumaini unalipaka ile dawa na huendi tena kuchota maji mwenyewe. Sisi huku tunapumua. Nkusi amepata kazi ya udereva, na mjukuu wako Sangwa ana meno mawili ya chini. Ukimwona anavyoyachekea watu utadhani ameyanunua yeye.

Mdogo wangu Mutsinzi, wewe unayemsomea mama, soma taratibu na usiruke mahali hata ukiona aibu. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa hapo Karagwe mpaka darasa la nne. Kinyarwanda nakisema, ila kukiandika kunanishinda.

Mama, Eddie wa lori atafika kwenu wiki hii au ijayo, ametumwa na mama mkwe wangu. Atakaa, atakunywa, halafu atakuambia kwamba binti yako ameharibu Bihogo, ng'ombe uliyetupatia. Nimetaka maneno yangu yafike kabla ya yake, ndiyo maana nimempa barua hii mtu anayevuka mpaka wa Rusumo kesho.

Tunakaa Remera, chini kidogo ya Gisimenti. Nyumba si yetu, wenyewe walikimbia vita, unajua ilivyo huku. Picha za wenyewe nilizikuta ukutani, nikazifunga kwenye kitenge na kuziweka juu ya kabati, wakirudi wazikute. Mama mkwe tunakaa naye. Bihogo na ndama wake wamefungwa nyuma ya jiko, Nkusi anawakamua asubuhi na jioni. Watu wanaopita huwasalimia ng'ombe kabla yetu, na mimi sikasiriki.

Sangwa alipofika miezi sita alianza kunitazama nikila. Nikimega kiazi macho yake yanafuata mkono wangu mpaka mdomoni, halafu anatafuna na yeye hewa tupu. Nikajua ziwa langu peke yake halimtoshi tena. Nikampeleka zahanati ya mahema, ile iliyo karibu na uwanja, wakamning'iniza kwenye mzani kama nyama ya buchani, akapiga kelele hadi akalowesha suruali ya mpimaji. Nesi pale anaitwa Shallon. Ni Mnyarwanda wa Uganda, na Kiswahili chake ni cha askari, hakina tafadhali. Alituambia akina mama tuendelee kunyonyesha, ila sasa tuongeze uji mzito wa mahindi na soya, ndizi ya kuponda, viazi na mchicha, maharage yaliyotolewa maganda, na yai kidogo kidogo. Kitu kipya kimoja kwanza, siku mbili tatu, tumbo likikubali ndipo uongeze kingine. Na maziwa ya ng'ombe, akasema, yachemshwe mpaka yapande kwenye sufuria. Asiyechemsha asirudi kwake kulia.

Uji wa kwanza Sangwa aliutema wote kwenye shati la baba yake la Jumapili. Ndizi aliipenda mara moja. Maharage aliyashika mdomoni muda mrefu akiniangalia kama mtu anayefikiria kesi, kisha akameza. Nilifurahi mama, nikampigia vigelegele peke yangu jikoni. Naogopa kila kitu siku hizi, unanijua. Akikohoa nachungulia, akilala sana naweka sikio puani. Lakini siku ile ya maharage sikuogopa.

Mama mkwe ndiye aliyekasirika. Alisema mtoto wa watu wenye ng'ombe hapewi maharage na meno mawili, anapewa maziwa. Yai likimwingia, akasema, atachelewa kusema. Nilimwachia yai, sikutaka vita mbili kwa pamoja. Lakini nilipomwambia kwamba maziwa nayo yatachemshwa, alisimama. Aliniuliza huyo Shallon ni binti wa nani, wa kilima kipi, na kama kwao waliwahi kuona ng'ombe. Nikamjibu kwamba kwao wana ng'ombe kuliko sisi. Akasema basi wanakaribia kuisha.

Haya unayajua kuliko mimi, mama, kwani wewe ndiye uliyenilea nayo. Maziwa yakiwekwa motoni, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zinapasuka, anakamuliwa damu, mwisho anakauka. Mama mkwe aliyasema hayo mbele ya jirani yetu Pudentienne, aliyekulia Bujumbura na ambaye ulimi wake haulali. Pudentienne akamuuliza kwa upole mwingi, je, ile chai ya maziwa anayokunywa Gisimenti kila akitoka kanisani, maziwa yake hayakuona moto? Mama mkwe akasema yale ni ya kopo, ya Wazungu, ng'ombe wao wako mbali hawawezi kujua. Tulicheka hata Nkusi akatoka nje. Mama mkwe hakucheka.

Siku nyingine nilikwenda sokoni kutafuta ndizi. Niliporudi nikamkuta Sangwa mapajani mwa bibi yake, mdomo mweupe wa povu, na kile chombo cha mti cha maziwa kiko kitupu pembeni. Alikuwa amemnywesha maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Akaniambia nimwone mtoto alivyoshiba, si kama ninavyomjaza maharage. Nilimpokea mtoto, nikaenda kumenya ndizi. Kesho yake tumbo la Sangwa likafunguka. Keshokutwa macho yakazama, utosi ukabonyea, alilia bila machozi. Nilimbana ngozi ya tumbo, nikaiachia, ikabaki imesimama kama kitambaa.

Nikamkimbiza zahanati, na Shallon hakunigombeza. Alimwekea maji ya mshipa, akaniambia nikae, nisiondoke. Nikakaa chini ya hema lile natazama tone linavyodondoka, nikawa nasema na Mungu vibaya, Mutsinzi usiyasome kwa sauti, lakini nilisema naye vibaya. Mtoto alirudi. Alipokojoa niliushika ule mkojo kwa mikono miwili nikalia.

Jumapili iliyofuata, watu wametoka misa, uani kumejaa, nilichukua maziwa ya Bihogo ya asubuhi nikayamimina kwenye sufuria, nikaweka jiko la makaa katikati ya ua. Pudentienne alikuwa amenishauri nikayachemshe kwake, kimya kimya, mama mkwe asijue. Nikakataa. Mtoto wangu si mwizi, hatakunywa maziwa yake kwa kujificha. Yakapanda, nikayashusha, nikayarudisha, yakapanda tena. Mama mkwe alivua kitambaa cha kichwa, akaenda nyuma ya jiko, akamshika Bihogo pembe na kumwomba msamaha. Alimwambia kwa sauti, ili nisikie, kwamba si wao waliofanya hivi, ni yule aliyetoka Karagwe. Nami nikamnywesha mtoto wangu kwa kikombe, mbele yao wote, na alipomaliza nikamfuta mdomo.

Sasa nikuambie na lile ambalo Eddie atakuambia, nisije nikaonekana naficha. Bihogo amepunguza maziwa. Ni kweli. Anatoa chini ya nusu ya alichokuwa anatoa. Mimi naona ndama wake amekua, anakula majani mwenyewe, na mama yake ameanza kumpiga teke akisogea. Tena majani ya mjini ni ya kando ya barabara, yana vumbi na mafuta ya magari. Chuchu hazijapasuka, damu hakuna, Nkusi anakamua na anaona. Lakini maziwa yamepungua, na mama mkwe anatembea nyumba kwa nyumba na kile chombo cha mti akionyesha yanapoishia.

Nkusi anamwogopa mama yake na ananiogopa mimi, kwa hiyo siku hizi anachelewa kurudi. Mwisho mama mkwe na wazee wa kwao wamekaa, wakasema neno litoke kwa aliyemtoa ng'ombe. Bihogo alitoka kwako baada ya harusi yetu, basi wewe ndiye wa kuamua. Ukisema yasichemshwe, nisichemshe. Nikikaidi, mimi nirudishwe kwenu Karagwe na Sangwa abaki kwa bibi yake. Hicho ndicho Eddie anakuja kukuuliza. Wanajua utakavyojibu. Na mimi najua, maana sijawahi kuona moto chini ya maziwa yako tangu nizaliwe.

Mutsinzi, hapa pumzika kidogo. Mshike mama mkono ndipo uendelee.

Mama, Umwiza wangu, mtoto wangu wa kwanza, hakuangaliwa kwa jicho baya. Mwaka ule tulipomzika ulisema ni mke wa Silvère, kwa sababu alimsifia mashavu, na tangu hapo humsalimii, hata kisimani unageuza uso. Mke wa Silvère hakufanya kitu. Siku ile hospitalini daktari aliniita pembeni akaniuliza mtoto alikuwa anakunywa maziwa gani na nani anayachemsha. Nikamwambia hayachemshwi, yanatoka kwa ng'ombe yana moto wake, na bibi yake anamnywesha mwenyewe kwa mkono wake. Daktari akatikisa kichwa. Akasema ni hayo yaliyomuua. Nilipotoka wewe ulikuwa kwenye benchi umekumbatia kanga ya mtoto, ukaniuliza daktari kasemaje. Nikakuambia kasema ni mapenzi ya Mungu.

Hakusema hivyo.

Sikuandikii kukuhukumu. Ulimpa kitu kizuri kuliko vyote ulivyokuwa navyo, na kama angeomba damu ungempa. Mimi pia nilikuwepo nikiangalia, nikifurahi anavyokunywa. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mama yangu na nilikuheshimu. Lakini heshima ile ilinifuata mpaka Kigali. Kama ningesema mapema, hata huyu mama mkwe nisingemwachia mtoto na kile chombo siku ile ya soko. Karibu nizike mtoto wa pili kwa kuogopa kuwaudhi wazee. Sitaki tena heshima ya namna hiyo.

Kwa hiyo neno lako litakuwa lolote litakalokuwa, nimekwisha kulisikia na nimekwisha kulikataa kama ni la kuzima moto. Nitachemsha kesho, na nitachemsha keshokutwa. Bihogo akikauka, akauke, nitanunua maziwa kwa mtu mwingine nayo nitayachemsha. Wakinirudisha Karagwe nitakuja na Sangwa mgongoni, na wa kumshusha mgongoni mwangu sijamwona Remera yote. Tena nikifika kwako nitaomba sufuria.

Lakini wewe ni mama yangu, na ningependa uwe upande wangu kuliko niwe peke yangu. Eddie akikaa na kuanza kukueleza habari za maziwa yalivyopungua, usimkatize. Mwache amalize yote. Halafu muulize kitu kimoja tu: na mtoto, mzima? Atakujibu kwamba ni mzima, ana meno mawili, anakula maharage. Ukishalisikia hilo kwa masikio yako, ndipo umpe jibu la kuwaletea.

Nkusi anakusalimu, ingawa hajui ninaandika. Pudentienne anakusalimu, anasema anataka kukuona. Sangwa anakusalimu kwa mate, karatasi hii imelowa pembeni ni yeye. Wasalimie wadogo zangu wote, na wewe Mutsinzi asante kwa kusoma mpaka hapa.

Na mke wa Silvère mpelekee salamu zangu. Usimtume mtu, mama. Goti likikupa nafasi, nenda wewe mwenyewe mpaka mlangoni kwake, ubishe hodi.

Ni mimi mtoto wako mkaidi anayekupenda,

Kankindi, mama wa Umwiza na Sangwa