Oili ya Bi Mkubwa

Jumatatu, 4 Septemba

Fundi amemaliza. Injini imerudi mahali pake, boliti zote zimekazwa, rangi bado inanukia. Nimelizunguka trekta kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikagusa hapa, nikagusa pale. Baridi.

Fundi akapangusa mikono, akasema kilichobaki ni oili tu. Tu! Halafu akanieleza. Ringi mpya za pistoni bado hazijakaa. Zinatakiwa zisuguane na kuta za silinda saa za mwanzo, mpaka zishikane sawasawa. Oili ikikosewa sasa, hazitashikana tena. Injini itakunywa oili na kutoa moshi maisha yake yote. Na ringi za aina hii hazipatikani tena. Hizi alizihangaikia mwenzangu mwenyewe, akapata seti ya mwisho, akaja nayo nyumbani ameikumbatia kama mayai.

Nikauliza, basi niweke ipi? Akasema nikaangalie dukani kuna zipi, yeye ameitwa kutengeneza pampu ya maji ng'ambo, atarudi Alhamisi. "Usiweke kitu kabla sijaja, mama."

Watu wanasema marehemu. Mdomo wangu bado haujalizoea neno hilo. Nasema mwenzangu.

Jumanne, 5 Septemba

Binti yangu amepiga simu. Yeye hana shaka: ninunue sinthetiki, ile oili nyepesi ya magari mapya. Ndiyo anayoweka kwenye gari lake, injini haisikiki hata kidogo. Nikamwambia Bi Mkubwa anatakiwa asikike, la sivyo tutajuaje kama yu hai? Akacheka. Kabla ya kucheka hukohoa kidogo, kama baba yake. Nikaiacha simu sikioni hata baada ya kukata.

Bi Mkubwa. Jina hilo sikuwa nimelitamka tangu msiba. Nilipoolewa nililikuta trekta uani. Mwenzangu akaniambia, umemkuta mke mwenzio, mheshimu. Tangu siku hiyo mimi nikawa mke mdogo. Nilipomwomba anifundishe kuliendesha, alisema Bi Mkubwa ana wivu, hakubali kukaliwa na mdogo wake. Sasa tumebaki wawili, wajane.

Baadaye nikaingia stoo. Debe lake lipo, halijafunguliwa: oili ile ile aliyoitumia miaka yote. Ubavuni kuna alama ya kidole gumba, nyeusi. Nikasema yamekwisha, oili ndiyo hii. Nina haja gani ya duka?

Pembeni kuna galoni ya oili chafu, iliyotolewa siku injini ilipoanza kugonga ndani. Juu yake kikombe cha bati. Kila akibadilisha oili, alirudishia kikombe kimoja cha ile ya zamani. Ili injini isione ugeni, alisema. Mshika kikombe alikuwa shemeji, mdogo wake, tangu yu kwenye kaptura mpaka kaota ndevu.

Jumatano, 6 Septemba

Nimekwenda duka la spea ili nimalize ubishi wangu mwenyewe. Mwenye duka ni mama wa sauti nzito, anakaa katikati ya mikanda na filta utadhani yuko sebuleni kwake. Nilidhani atanisukumia lile kopo la dhahabu lililo mbele. Badala yake akaanza kuniuliza kama daktari. Injini ina filta? Ina. Imefunguliwa yote? Yote. Hata njia za oili zimesafishwa? Nikamwambia zilisafishwa kwa mswaki wangu.

Ni kweli. Asubuhi moja niliutafuta mswaki nikaukosa. Nikamkuta nao uani, mweusi tii, anauingiza kwenye matundu ya injini huku anapiga mluzi. Hakuona aibu hata kidogo. Alisema nitanunuliwa mwingine. Ilikuwa wiki yake ya mwisho.

Mama wa spea akalisogeza kando lile kopo la dhahabu. Halafu akasema sinthetiki hapana, si sasa. Inateleza mno, ringi zitaogelea badala ya kusuguana. Zikishakaa, nitaamua nipendavyo. Na debe la mwenzangu? Akasema oili ile haina sabuni ndani yake, yaani dawa ya kubandua uchafu. Uchafu unazama, unakaa chini. Injini ya zamani ilijaa tope. Ukiipa oili yenye sabuni, tope linabanduka na kuziba njia. "Mzee wako alijua anachofanya, dada. Ila sasa hakuna tope. Sasa unataka oili ibebe chenga za chuma, izipeleke kwenye filta."

Namba thelathini, ya kawaida, yenye sabuni. Lilikuwa debe la mwisho rafuni. Nikalichukua.

Hakukosea, basi. Injini ndiyo imebadilika. Nimelirudia hilo njia nzima.

Alhamisi, 7 Septemba

Fundi amerudi. Akaifungua oili, akainusa, akaisugua kati ya vidole. Angependa namba arobaini, iliyo nzito zaidi, kwa joto hili, alisema. Nikamwuliza, asubuhi injini ikiwa baridi, hiyo arobaini itafika juu upesi? Akanitazama.

"Nani kakufundisha?"

"Mama wa spea."

"Yule anapenda kubishana."

Basi na apende. Thelathini. Tunamimina kesho.

Mawingu upande wa milimani. Shamba la chini bado gumu kama sakafu.

Ijumaa, 8 Septemba

Siku mbaya. Niandike polepole.

Asubuhi tulimimina. Fundi alishika funeli, mimi nikashika debe. Oili ilishuka kama asali, sikutaka iishe. Kisha fundi akaenda kuchukua spana, mimi nikaenda kuteka maji ya rejeta. Narudi, shemeji yuko juu ya tairi, ameshika kikombe cha bati. Kikombe kimeinama. Kitupu.

"Nimempa Bi Mkubwa kikombe chake," akasema. "Mlikuwa mmesahau."

Alikuwa amevaa shati la kutokea. Macho mekundu. Mazishini alisimama wima kama nguzo, hakutoa chozi, watu wakamsema. Leo analia juu ya tairi la trekta.

Fundi akafika. Akauliza jambo moja tu: stata imeguswa? Haijaguswa. Akakaa chini, vumbini kabisa. "Basi tumepona. Mwageni yote."

Shemeji akasema ni kikombe kimoja tu, jamani. Fundi akachovya kidole kwenye galoni ya oili chafu, akakigeuza juani. Kikameremeta. Chenga za beringi iliyokufa. Hizi, akauliza, unataka zipite kwenye beringi mpya? Shemeji akajibu kwamba kaka yake alifanya hivyo miaka yote na hakuna kilichoharibika.

"Na iligonga kwa nini?" fundi akauliza.

Hapo ngumi zingepigwa. Nikaingia katikati. Nikasema, shemeji, shika beseni. Sikupaza sauti.

"Unamwaga mkono wa kaka," akaniambia.

"Namwaga oili. Shika beseni."

Akaliweka chini, akaondoka bila kuaga. Nati ya chini ya injini nikaifungua mwenyewe. Oili ilitoka nyeusi kwanza, kisha ya asali, kisha sikuweza tena kutofautisha.

Jumamosi, 9 Septemba

Fundi ameteremsha sampo, lile bakuli la chini linalobeba oili. Tumeosha kwa dizeli. Tumefuta kwa shuka kuukuu, juu kwenye valvu na chini, mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Mama wa spea: thelathini hana tena, mzigo hajui utakuja lini. Anayo sinthetiki. Fundi akashika kiuno, akasema basi tuweke lile debe la stoo, mvua haitusubiri. Alama ya kidole gumba nikaiona bila kwenda stoo. Nimekataa. Ringi ni za mwisho. Nitangoja.

Shemeji hajaonekana.

Jumapili, 10 Septemba

Mke wa shemeji amepita. Mumewe ametoka alfajiri na baiskeli, mipira ya kufungia mzigo nyuma, hakusema anakwenda wapi. Kwani mmegombana? Nikasema tumegombana. Akasema ndiyo maana aliikataa chai, maana yule hata akiumwa haikatai.

Mchana nilikaa na diski za plau. Zimeanza kushika kutu. Nikachukua ile galoni ya oili chafu, kikombe cha bati na mswaki. Mswaki ule ule. Nikazipaka zote, mbele na nyuma. Uso wa diski hauogopi chenga. Harufu ikapanda, harufu yake ya jioni akitoka uani, ananawa mikono kwa sabuni na sukari na mimi nalalamika sukari yangu. Nilikaa pale mpaka kivuli kikanihama.

Shemeji akaingia jua likizama, anaikokota baiskeli. Debe jipya limefungwa nyuma. Akalisoma kwa sauti mbele yangu, kama mwanafunzi wa mama wa spea: thelathini, ya kawaida, yenye sabuni. Kisha akaziona diski. Akapitisha kidole, akakitazama muda mrefu, akakifuta kwenye suruali.

Akaomba chai.

Jumatatu, 11 Septemba

Naandika pembeni mwa shamba la chini, daftari gotini. Mchana siandikagi.

Imewaka! Sindano ya presha ya oili ilikaa sifuri, ikakaa, nikaanza kunyoosha mkono nizime, ndipo ikapanda. Moshi wa buluu ukajaa uani, kuku wakatawanyika. Fundi akasema wa mwanzo ni kawaida, ila isiachwe kuunguruma bure. Shambani sasa hivi, ivute. Mzigo ndio unaokalisha ringi. Kabla ya jioni moshi ukipungua, zimeshika. Usipopungua — hakumalizia.

Shemeji ndiye anayeendesha. Diski ziliingia ardhini nyeusi, zikatoka nyeupe. Mzunguko mmoja tu, udongo umezifuta zote. Nilidhani itaniuma. Imeniuma kidogo.

Moshi bado ni wa buluu. Kila anapogeuka nautazama. Mzunguko uliopita niliona umekonda. Fundi anasema ni macho yangu. Huu wa sasa sijui. Uzio wa nyuma nauona vizuri, mwanzo sikuuona. Labda ni upepo. Tone la mvua limeanguka kwenye ukurasa.

Shemeji amesimama mwisho wa shamba. Hajazima. Ameteremka, ananionyesha kiti. Namtikisia kichwa. Anakipangusa kwa mkono wa shati.

"Njoo, mke mdogo! Bi Mkubwa kakubali!"

Fundi naye anapaza sauti, apande yeyote yule, isikae inaunguruma bure.

Klachi ni mguu wa kushoto. Hilo nalijua. Nimemtazama mwenzangu miaka yote.