Wimbo Wako Haukuuzwa

Hamburg, Ujerumani
Jumapili mchana

Baba yangu,

Mwangaluka, baba. Kama barua hii itakufikia jioni, basi ni mwadila, na unipokee hivyo hivyo. Mimi ni mzima, nakula, kazi ya kulea wazee naendelea nayo, mgongo tu ndio unanisumbua kwa kuinua watu wazito. Vipi hilo goti? Mama aliniambia umeacha kulikanda kwa maji ya moto, eti linajifanya gonjwa. Baba, goti halijifanyi. Ng'ombe bado wanapata maji karibu, au mmeshaanza kuwapeleka mbali? Na pamba mmemaliza kuichuma?

Nimeandika kwenye karatasi, sikupiga simu, na sababu unaijua. Simu ya mama ikiita, Ipililo nzima inasikiliza, na jirani yetu ghafla anakumbuka kuja kuomba chumvi. Barua nitampa dada mmoja wa Mwanza anayekuja likizo, ataifikisha Bariadi kwa shangazi. Nitaifunga kwa gundi na juu ya gundi nitabandika plasta ya kidonda. Ukikuta plasta imebanduka, ujue kuna aliyetangulia kuisoma.

Nasikia wimbo wako mpya unapigwa mluzi mnadani Lalago kabla ngoma hazijashindana. Nasikia unasema mdogo wangu Masanja ameuuza kwa wapinzani wetu wa ng'ambo ya mto, na kwamba ile simu yake mpya ndiyo ushahidi. Umemvua uongozi wa ngoma, naye amechukua begi lake amekwenda Nassa kwa mjomba, na amesema hakanyagi tena hapo nyumbani. Mama alinieleza huku analia. Sikulaumu kwa kushuku, baba. Wimbo ule wewe ulitufundisha watu wawili tu, mimi na mdogo wangu, Krismasi iliyopita nilipokuja, nyuma ya zizi, kwa sababu sauti yako imeanza kukatika na uliogopa kuusahau. Tukawa watatu tunaoujua. Ukisikika mnadani utamshuku nani, kama si aliye karibu? Lakini nakuomba usome hadi mwisho kabla hujatamka neno, hata kama katikati utanikasirikia.

Huku sasa ni majira ya joto. Jua halitaki kuzama, saa mbili usiku bado unaweza kuokota sindano iliyoanguka. Na karibu kila bustani ya mji huu ina muziki, watu wanapiga hadharani, na kuingia ni bure. Hilo neno bure ndilo lililonishtua kwanza. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba anayekualika pombe bila sababu, sababu anayo, hajaisema tu.

Nakwenda huko kwa sababu ya kazi. Kuna bibi ninayemlea, Bibi Helga, zamani alikuwa mwalimu wa piano, sasa hatembei. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi bustanini. Siku ya kwanza tulikuta watu kama sabini wamevaa nguo nyeusi kwenye joto lile, wana fidla ndogo, fidla kubwa za kupigwa umesimama, tarumbeta, na mbele yao mtu mmoja ana kijiti. Huyo hapigi chochote. Anatupa mgongo sisi tuliokuja kumtazama. Nikajisemea, mwenye dawa ndiye huyu. Kwetu anayewapa watazamaji mgongo ana kitu mdomoni. Nilimwangalia mashavu muda mrefu sana nione kama yamevimba.

Na watazamaji nao, baba, wamekaa kimya kama wako msibani. Hakuna anayecheza, hakuna kigelegele. Mtu akikohoa, wenzake wanamgeukia kwa macho makali. Nikawaonea huruma wale wapigaji, nikaona wameshashindwa. Hapo hapo nikasikia nyuma ya miti kundi jingine linapiga, ngoma inakwenda, saksafoni inalia, watu wanacheka. Muziki huo wanauita jazi. Moyo ukaniambia kumbe leo ni mashindano, na hawa wameachwa. Basi nikafanya anachofanya kila mtu kwetu. Nikahama. Nikageuza kiti cha Bibi Helga wimbo ukiwa katikati, magurudumu yakilia kwenye kokoto, na watu wote wakageuka kututazama, hata mwenye kijiti.

Bibi hakunisemesha hadi Jumatatu. Alisema nimemwaibisha mbele ya watu anaowaheshimu. Ikabidi nimweleze jinsi ngoma mbili zinavyopigwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja na manju wake, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na watu wanahama kutoka huku kwenda kule, na mwishoni aliyejaza watu ndiye mshindi, hakuna mwamuzi wala karatasi. Akaniuliza yule aliyeachwa peke yake anafanyaje. Nikamwambia anarudi nyumbani kutunga wimbo mwingine. Alicheka mpaka nikamshika asidondoke. Tangu siku hiyo tukapatana kwamba tunawasikiliza wa nguo nyeusi hadi mwisho, halafu ndipo tunahamia jazi.

Sasa nikuambie ukweli, nilianza kuupenda muziki wa hao wa nguo nyeusi. Siku moja wapigaji wote walinyamaza ikabaki fidla moja, ikalia taratibu, nikamkumbuka mama anavyoimba akipepeta mtama, akidhani hakuna anayemsikia. Machozi yalinitoka. Niliyafuta upesi, nikachungulia chini ya kiti changu kama kuna kitu wamenitegea. Hakukuwa na kitu, ni karatasi ya peremende tu.

Wale wa jazi ndio niliowaogopa zaidi. Kiongozi wao ni mzee mwembamba wa saksafoni mwenye ndevu nyeupe. Kila Jumamosi wakikaribia kumaliza anawaambia watu, mwenye wimbo wa kwao aje auimbe, sisi tutamfuata. Na wanafuata kweli. Mwanamke wa Uturuki aliimba ubeti mmoja, wa pili walikuwa wanaupiga kama wamezaliwa nao. Nikasema huo ndio wizi wenyewe, tena wa mchana. Unamkumbuka yule mtu aliyekuja nyumbani kuuliza fahali, akakaa kwenye ua tangu mchana hadi mkafanya mazoezi mbele yake? Fahali hakununuliwa, na wiki mbili baadaye wimbo wako ulikuwa ng'ambo ya mto. Nilimtazama mzee wa ndevu kama ninavyomtazama yule.

Naye akaniona. Aliniona ninavyogonga mguu, akanionyesha kipaza sauti. Nikatikisa kichwa. Jumamosi ya pili akaja hadi kwenye kiti cha Bibi, akaniomba kwa heshima. Nikamwambia kwetu hatuna nyimbo. Nilisema hivyo uso mkavu, mimi mtoto wa manju. Ya tatu nikajifanya nafunga viatu vya Bibi.

Jumamosi ya nne mvua ilinyesha kidogo ikakatika, majani yakanukia, watu wakarudi kwenye viti vilivyolowa. Mpiga ngoma wao akaanza kuchezea mkono tu, ovyo, halafu akaangukia mdundo wetu kabisa, ule ambao wachezaji wetu hurusha majembe juu. Baba, miguu ilijua kabla yangu. Nilipozinduka nilikuwa nimeshasimama mbele ya watu na kipaza sauti mkononi, na wimbo uliokuwa mdomoni ni ule wako mpya, wa ng'ombe aliyerudi peke yake. Ndio ninaouimba kila siku nikiosha vyombo ili usinipotee, kwa hiyo ndio uliotoka.

Niliuimba ubeti wa kwanza wote. Pale anapoitwa ng'ombe, ambapo wewe unapandisha sauti, yangu haikufika. Nikashusha. Nikaona aibu, lakini hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Mzee wa saksafoni akaupokea, akaurudisha, watu wakaanza kusimama. Wengine walitoka kule kwa wa nguo nyeusi wakija kupitia kwenye miti. Ilipofika zamu ya majibu ya waitikiaji ndipo akili ikanirudia, nikanyamaza, nikasema umeishia hapo. Bibi Helga alikuwa anafuta macho. Nilifurahi, baba. Sitakudanganya kwamba nililazimishwa wala kwamba nilirogwa, ingawa hilo la pili nililifikiria sana.

Wiki mbili baadaye mama akapiga simu kuhusu Lalago. Usingizi ulinitoka. Kwanza nikamshuku mzee wa ndevu. Jumamosi nikamfuata, nikamwuliza kama ana ndugu Tanzania, kama ana rafiki Mwanza, kama amewahi kununua ng'ombe. Maskini alidhani nauza ng'ombe. Alinionyesha daftari lake, ameandika tarehe na maneno "wimbo wa mama wa Afrika, uliza jina la mtunzi." Nilimtajia jina lako, akaliandika vizuri herufi kwa herufi, halafu nikajilaumu kwa kulitaja.

Halafu, nisamehe baba, na yeye anisamehe, nikamshuku Masanja. Niliposikia habari ya simu mpya nikasema mzee ameona mbali. Nilikaa na wazo hilo siku tatu nzima, na nilipompigia mdogo wangu nikamsalimia kwa ubaridi. Aliniuliza, "Hata wewe, dada?" Akakata.

Siku ya nne nikampigia mama. Nikamwomba aniimbie kwa sauti ndogo wanavyoupiga mluzi huko mnadani, kwa sababu alikuwa ameusikia kwa masikio yake alipokwenda kuuza mchele. Akaniimbia. Nikamwambia, "Mama, rudia hapo anapoitwa ng'ombe."

Akarudia. "Hapo wanashusha," akasema. "Baba yako anapandisha, huwa namsikia kule zizini, lakini wao wanashusha. Nikadhani ni ujinga wao."

Nilikaa chini kwenye ngazi za kazini na sare yangu. Masanja hawezi kushusha pale. Ana koo la kufika huko juu mara mbili, na hata angekuwa mwizi angeuiba ulivyo. Wale wanapiga mluzi kosa langu, baba. Wanalipiga kama lilivyotoka kinywani mwangu siku ile, na hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukosea hivyo.

Nikaanza kuulizia. Tuna kundi la simu la Watanzania wa mji huu, na kuna kaka mmoja msomi ambaye Jumamosi ile alikuwa bustanini. Nikamwuliza. Akajibu kwa furaha kwamba amenirekodi, akairusha kwenye kundi letu, akairusha kwa ndugu zake Mwanza, na kwamba inapendwa sana nyumbani, kila mtu anamtumia mwenzake. Alidhani nitamshukuru. Hivyo ndivyo wimbo ulivyovuka bahari ukafika Lalago kabla ya msimu wenu, na mwenye kosa si yeye, kwa sababu hakujua kuna siri. Aliyejua ni mimi.

Simu ya Masanja ameinunua kwa mpunga wake. Mjomba alikuwepo wakati anauza huo mpunga, ukitaka muulize.

Walichonacho wale wa ng'ambo ni ubeti mmoja tu, tena umekosewa. Majibu hawana, na bila majibu watazunguka pale pale kama ng'ombe wa kuzungusha kinu. Mkitaka imbeni vivyo hivyo, mkitaka tungeni mwingine, hilo ni lenu wenye ngoma. Mimi sina tena haki ya kushauri. Ukisema nisifundishwe wimbo mwingine maisha yangu yote, nitakubali, na sitamlilia mama anitetee.

Bustanini naendelea kwenda, kwa kuwa Bibi Helga anataka na, niseme tu, nataka pia. Wa nguo nyeusi wana wiki tatu zimebaki, kisha baridi inaanza na kila mtu anajifungia ndani. Mzee wa ndevu ananionyesha kipaza sauti kila mara. Namwimbia nyimbo za kanisani, hizo zina mwenyewe asiyenuna.

Nisalimie mama, mwambie kitenge amechagua kizuri, ndicho nilichokivaa siku niliyoimba. Msalimie shangazi wa Bariadi kwa kuipokea barua. Msalimie bibi mzaa mama, najua ataniombea hata kabla ya kusikia kosa. Wasalimie wapiga ngoma wako wote, na waambie aliyekunong'onea habari ya simu ya Masanja ajitafakari, maana hata mimi nilimsikiliza.

Lililobaki ni moja. Mzazi hamwombi mtoto radhi, najua, na sikutumi ufanye hivyo. Tuma neno Nassa kwa Masanja, useme ngozi ya ngoma kubwa imelegea na wewe goti linakukataza kuiwamba peke yako. Usiongeze kitu. Yeye atapanda gari la kwanza, na akifika usimwulize alikuwa wapi, mpe upande mmoja wa ngozi avute.

Ni mimi binti yako, niliyeutoa wimbo,

Mbuke