Maji ya Kunywea Gokhuru

Durban, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,
Habari za Uvira? Magoti yanaendeleaje? Mimi si mzima sana. Mkojo bado unaniunguza na kiuno kinauma. Jumatatu, siku tunayofunga saluni, nilikwenda Chatsworth kwenye duka la dawa za Kihindi. Zaahira, mwenye duka, alinipa unga wa gokhuru, mbegu zenye miiba wanazotumia tangu enzi za mababu zao kutibu njia ya mkojo. Akasema, "Dada, bila maji mengi huo ni vumbi tu. Ukipata homa, nenda hospitali."
Mdogo wangu Marie akimaliza shule aje tusuke pamoja. Kiti cha pembeni yangu saluni kiko wazi.
Binti yako, Gracieuse

Uvira, 2 Machi

Binti yangu,
Tunapumua. Tangu simu zikatike, barua zetu tunamtegemea Honoré, mfanyabiashara anayekuja huko kununua vipuri. Magoti ni yale yale. Dawa inasaidia? Marie anajifunza kusuka kwenye kichwa changu. Amenivuta mpaka macho yamepanda juu.
Mama yako

Durban, 7 Aprili

Mama,
Salamu kwako na kwa mdogo wangu. Choo cha saluni kimefungwa, tunakwenda cha sokoni, mbali. Ukimwacha mteja na nusu kichwa, unamkuta kwenye kiti cha mwingine. Kwa hiyo wasusi hatunywi maji mpaka jioni. Nikishika chupa, Cathy wa kiti cha mbele ananitania: "Eish, umeshapata tajiri? Kazi huitaki tena?" Gokhuru nailamba kavu, kisha funda moja. Homa inakuja na kuondoka. Mwishoni mwa Mei namsuka bibi harusi wa Overport, siwezi kukosa.
Binti yako

Uvira, 5 Mei

Gracieuse,
Leo sina salamu ndefu. Mwache bibi harusi, nenda hospitali. Najua unaogopa kiti kitachukuliwa. Hilo niachie mimi.
Mama yako

Durban, 9 Juni

Mama,
Natumaini u mzima. Naandikia kitandani hospitalini. Nilianguka kazini, Cathy akanileta. Figo zote mbili zimekufa. Mashine za kusafisha damu ni chache, wanachagua watu. Sikuchaguliwa. Daktari aliuliza nilikunywa dawa gani, nikamwambia. Akauliza, na maji? Nikasema, funda moja.
Marie asije. Kiti kile asikikalie.
Binti yako

Uvira, 14 Julai

Mwanangu,
Barua yako nimeipata leo. Marie aliondoka wiki iliyopita, akushikie kiti mpaka upone. Nilimsisitiza awe mvumilivu, asitoke-toke kazini, wateja wasimkimbie.
Akifika, kama bado unaweza kusema, mwambie anywe maji.
Mama yako