Bei za Ulaya Kwenye Ubao Wetu wa Kiminini

Baba,

Jumamosi nilifungua duka. Baba mdogo alikuwa amesema tuendelee kuuza mafuta taa, lakini ule ubao wako usitolewe nje tena, ati ndio uliokuharibia jina. Nilimsikiliza kwa heshima. Kisha nikautoa.

Najua ungetaka habari kwanza. Mafuta taa yamepanda tena tangu tukuzike Myanga. Uingereza na Ujerumani wanalalamikia gharama ya kupasha nyumba joto, Amerika ni petroli. Nikiwa nyumbani nasikiliza habari za biashara kila jioni, na bado nasogeza kiti chako karibu na redio kabla sijakumbuka.

Nilikuwa darasa la saba tulipoanza ule ubao. Kila pipa jipya lilipofika na bei mpya, wateja walikuita mnyonyaji. Ukasema, "Wacha waone kwamba si Kiminini peke yake." Ukapaka ubao rangi nyeusi, ukaandika majina ya nchi tajiri, na kando ya kila moja ukawa unaandika kila mwezi, kutoka redioni, jinsi bei za stima, gesi na mafuta zilivyopanda kuliko mwaka uliotangulia. Mzee Wafula, fundi wa baiskeli, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe hata mzungu analia na bili ya stima!" Ulifurahi sana siku hiyo, baba. Uliimba ukifunga duka.

Halafu ukaja ule mwezi mbaya. Redio ilisema kasi ya kupanda kwa bei Ulaya imepungua. Ukaandika nambari ndogo kuliko ya mwezi uliopita, kwa uaminifu, kama kawaida yako. Wiki hiyo hiyo mafuta yetu yakapanda. Watu waliona nambari imeshuka wakadhani bei imeshuka. Mama Nasimiyu wa hoteli ya chai akasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Ati Ujerumani wameteremsha, wewe unapandisha? Si ulituambia ni dunia nzima? Wewe ni mwizi msomi, bana!"

Jina hilo likakushika. Ulijaribu kueleza, lakini kifua kilikuwa kimeanza kukubana na sauti yako haikufika hata barabarani. Mwezi haukuisha, ukaondoka. Kwenye matanga nilimsikia mtu nyuma ya hema akisema, "Mwizi msomi amepumzika." Nilikuwa nimebeba sinia la chai. Sikulimwaga. Bado sijui kwa nini.

Sikubali, baba. Sikubali kabisa.

Kwa hivyo Jumamosi niliandika nambari zote, na chini yake nikachora mabua matatu ya mahindi: la Mei, la Juni, la Julai. Nikawauliza waliokuwa kwenye foleni: mahindi yakirefuka sana mwezi huu, halafu mwezi ujao yarefuke kidogo tu, je, yamefupika? Wakanitazama kama mjinga. Watu wa huku kwetu Trans-Nzoia huwezi kuwadanganya kuhusu mahindi. "Yatafupikaje?" akauliza Mzee Wafula. Nikasema, basi hata bei za Ulaya hazikushuka. Zilikuwa zinapanda bado, ila polepole. Baba yangu aliandika ukweli.

Mzee Wafula akavua kofia, akaivaa tena.

Mama Nasimiyu hakuomba msamaha. "Huyu mtoto ana mdomo," alisema, akachukua mtungi wake akaenda. Alipofika barabarani akageuka. "Na Japani je?" Nikamsomea ya Japani. Alisikiliza hadi mwisho, baba, na mtungi ulikuwa mzito.

Baba mdogo amekasirika. Anasema msichana wa kidato cha pili hawezi kushindana na soko zima. Mimi sishindani na mtu, naeleza tu. Wasipoelewa nitaeleza tena wiki ijayo. Jumapili narudi shuleni Kitale, na mwalimu wa biashara amesema nikitia bidii ninaweza kusomea uchumi. Sijamwambia mtu mwingine. Nakuambia wewe.

Lala salama, baba. Nakuahidi nitakuja dukani kila likizo na kila Jumamosi nitakayoruhusiwa, nitaandika bei jinsi zilivyo, zikitupendelea au zisipotupendelea. Na yeyote atakayekuita mwizi tena hapo dukani, aje amejiandaa. Atanikuta mlangoni, na sauti yangu inafika barabarani.

Binti yako,
Naliaka