Madirisha ya Trela

Topeka, Indiana
Agosti 28

Mpendwa dada yangu Verna,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Freeman, na kwamba huko Wisconsin mvua imewapa nafasi ya kukata majani. Sisi hapa tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mgongo wa mke wangu Lovina umepoa na watoto wako salama. Mama anakula vizuri. Anasema meno yake ya bandia yanamfanya aonekane kama farasi wa Askofu Mahlon, na amenitaka nikuandikie hivyo hivyo ili ucheke. Mahindi yameshanipita kimo. Ibada ya Jumapili ilikuwa nyumbani kwa jirani yetu Marlin, joto likawa kali mpaka wazee wawili wakasinzia waziwazi, na mhubiri akapaza sauti wee, wapi.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma pale pale kwenye sanduku la posta barabarani, farasi akiwa bado amefungwa kwenye gari. Habari ya mtoto anayekuja Desemba imetufurahisha sana, Lovina hata alitokwa na machozi. Umeuliza kama lile trela mlilokaa bado lipo nyuma ya ghala letu, ili mkirudi Oktoba mkae humo mpaka nyumba yenu iishe. Halafu ukaandika: safari hii sitafungua madirisha hata kidogo, Orva, nakuahidi. Maneno hayo yameninyima raha siku nne. Ndiyo maana leo nakuandikia barua ndefu, mimi ambaye siku zote unanicheka kwamba barua zangu zingetosha nyuma ya stempu.

Hebu nirudi nyuma. Nyumba yenu ilipoungua Januari, watu walifika kabla majivu hayajapoa. Wanawake na mablanketi yao na maharage ya kopo, wanaume wakibishana tangu asubuhi lini tusimamishe nguzo mpya. Lakini ardhi ilikuwa jiwe tupu, msingi usingechimbika kabla ya Aprili. Mkawa mnalala sebuleni kwa mama mkwe wako, wewe, Freeman na mwanenu Delmar wa miaka mitatu, katikati ya wajukuu kumi na mmoja. Mimi nikajitia mwanamume wa vitendo. Nilikwenda kwa Bwana Dale, mwenye kiwanda tunamoundia matrela, nyumba hizi za magurudumu, nikamwomba moja. Akasema lipo jipya nyuma ya uwanja, chukua, litumieni mpaka kiangazi. Nililileta nyuma ya ghala letu siku ile ile likivutwa na lori, nami nimekaa mbele nikipunga mkono kama bwana harusi.

Unakumbuka lilivyong'aa. Makabati, sakafu, meza ya kukunja, kila kitu kipya. Lakini Askofu Mahlon alikuja akazunguka humo akigusa kila swichi, akasema, Orva, umeme huu wote hauwezi kukaa kwenye uwanja wa mtu wetu, kanisa limeukataza. Nikamwambia asijali, kesho atakuta halina hata uzi wa waya. Nikang'oa taa, nyaya na betri. Nikatoa na feni ya darini, ile ya kuvuta hewa kuitoa nje, na tundu lake nikaliziba kwa ubao na gundi ili theluji isiingie. Nikawawekea hita ya gesi yenye bomba lake la kutolea moshi. Askofu aliporudi alinipiga begani akasema kazi safi. Nilivimba kichwa, sikatai.

Siku ya tatu ulisema macho yanakuwasha. Nikakujibu kwamba hiyo ni harufu ya kitu kipya, sisi kiwandani tunaivuta kutwa nzima na hajafa mtu. Nikakutania kwamba umezoea harufu ya ng'ombe, ndiyo maana mbao mpya zinakushinda. Wewe ulicheka kidogo. Delmar hakucheka, alikuwa anakohoa. Wiki ya pili kifua chake kikaanza kulia kama filimbi, daktari akampa dawa ya kuvuta. Akienda kwa bibi yake anapata nafuu, akirudi trelani yanaanza upya. Wewe peke yako uliliona hilo. Ulimwambia Freeman, ukaniambia na mimi: ni humu ndani, Orva, hewa ya humu ina kitu. Nikasema, aa, wanawake bwana, hata wapewe nyumba ya bure watatafuta kasoro.

Sasa ile siku ya Machi. Nilitoka kazini mchana nikapitia kwenu, nikakuta madirisha yote wazi, mlango wazi, theluji inaingia mpaka kitandani, nawe umempakata Delmar ndani ya mablanketi matatu. Nikakufokea. Macho yako yalikuwa mekundu. Ukaniambia, akikaa hivi anapumua, hebu mwangalie mwenyewe, anapumua. Na kweli alikuwa anapumua. Aliniuliza, Mjomba, farasi yuko wapi? Nami nikapita nikifunga dirisha moja moja na kulikaza, nikaongeza moto wa hita, nikakuambia utamuua mtoto kwa baridi. Nikakaa nusu saa nzima kuhakikisha hufungui tena, ndipo nikaenda zangu. Kabla jua halijazama Freeman alikuwa anakimbilia kibanda cha simu. Gari la wagonjwa lilipofika, Delmar alikuwa ameshatutoka.

Msibani Shangazi Wilma aliniuliza imekuwaje. Nikamjibu kwamba mtoto alipigwa na baridi, Verna alikuwa ameacha madirisha wazi. Tena nilisema kwa sauti ya huruma. Kufikia siku ya kuzika habari hiyo ilikuwa imeenea kwa kila mtu. Hakuna aliyekulaumu kwa mdomo, walikuletea tu vyakula na kukutazama. Najua ndiyo maana mlihama.

Unakumbuka pia kwamba mimi ndiye niliyekwenda na dereva wa kukodi kumchukua Delmar kwa yule bwana mjini anayetayarisha maiti, ili mama na shangazi wamvike nguo nyeupe nyumbani. Yule bwana alinifungulia mlango wa nyuma na harufu ikanipiga usoni. Dada, ilikuwa harufu ya trela. Ile ile, inayochoma pua na kuuma macho. Nikadhani ni majonzi yamenichanganya. Nikamuuliza hii ni nini. Akasema ni fomalini, dawa ya kuzuia mwili usioze. Nikamuuliza kama huwa inatiwa na kwenye mbao. Akanishangaa: makubwa haya, wewe mtu wa kiwandani ndiye unayeniuliza mimi? Akanieleza kwamba iko kwenye gundi ya chipbodi, zile mbao za vumbi la mbao lililogandamizwa, na mbao zikiwa mpya hutoka polepole, hasa ndani kukiwa na joto na pamefungwa. Ndiyo maana trela jipya huachwa wazi lipigwe na hewa, feni ikizunguka. Nilimbeba Delmar mpaka garini.

Bado sijafika kwenye lenyewe. Trela lile nililijua kabla sijawaletea. Lilikuwa limeshauzwa, mnunuzi akalirudisha baada ya wiki moja kwa sababu mkewe alishindwa kulala humo, anatokwa machozi na pua inamchoma. Kiwandani tulimcheka sana yule mama. Siku nilipolichukua, mzee Perry, anayekagua matrela yakiwa tayari, alinishika mkono akasema, bwana mdogo, hili liache wazi mwezi mzima kwanza. Nikasema sawa, mzee. Kisha nikalileta siku ile ile, kwa kuwa nilitaka watu waseme Verna ana kaka.

Aprili nilirudi kwa yule bwana wa mjini. Akanipa kibeji wanachovaa yeye na wasaidizi wake cha kupimia fomalini iliyo hewani, nikakitundika trelani kutwa nzima, kisha akakituma kupimwa. Majibu yalikuja siku tisa kabla hamjaondoka. Aliyasoma, akavua miwani, akaniambia hata chumba chake cha kazi hakijawahi kufika hapo. Niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Na ilikuwa mfukoni, Verna, siku niliyowasaidia kupakia mizigo. Ulinishika mkono pale kando ya lori ukaniomba msamaha, wewe, kwamba nilikutafutia nyumba na wewe ukanitia aibu kwa uzembe wako. Nami nikakuambia nimekusamehe.

Hukumuua Delmar. Ulikuwa umempatia hewa, nikaja nikaifunga.

Karatasi ya vipimo nimeiweka humu ndani, ni yako. Mwonyeshe Freeman. Jana nilimwonyesha Bwana Dale nakala, akaniambia kesho nisije kazini. Sawa. Askofu Mahlon nimemweleza yote, pamoja na kazi yangu safi aliyoisifu, naye akaketi kwenye ngazi ya ghala akashika kichwa. Jumapili ijayo nitapiga magoti mbele ya kanisa zima na kusema kama nilivyokuandikia, na Shangazi Wilma atakuwepo asikie kwa masikio yake. Kanisa likisema nimesamehewa, huo ni msamaha wa kanisa. Wa kwako siuombi kwa barua.

Trelani hamtakanyaga. Kuna chumba cha juu hapa kwetu, kile alichokijenga babu kwa mwaloni mtupu, bila gundi, Lovina ameshatandika kitanda. Kama hutaki kulala chini ya paa langu, sitakulaumu, Marlin na mkewe wamesema watawapokea.

Mama anakusalimu, bado hajui, nitamwambia kesho baada ya chakula. Lovina anakusalimu, yeye anajua, tangu juzi ananipakulia chakula kisha anakwenda kula jikoni. Msalimie shemeji, ingawa sijui kama atapenda salamu zangu. Mungu awalinde njiani. Na popote mtakapolala na huyo mtoto, dada, hata kama theluji inaingia kitandani, fungua madirisha.

Kaka yako,
Orva